Nyumba ya Kwanza na Ushuru wa Kuhamisha Milki

Mgeni atembeaye katika mitaa ya Lubumbashi, akitoka Makomeno akaenda Kamalondo, Katuba au Kenya (mtaa wa mji huu, si nchi), hakosi kukutana na ukuta wa matofali ulioandikwa kwa rangi, kwa herufi kubwa za Kifaransa, maneno yenye maana kwamba nyumba hii haiuzwi. Naye, ikiwa hajazoea desturi za mji, hustaajabu, kwa sababu kwingineko wenye nyumba hutangaza kilicho sokoni, na kisichokuwa sokoni hakitangazwi. Mwenyeji hastaajabu. Yeye anajua kwamba ukuta ule unasema na ami wa mayatima anayetaka kuuza urithi wao kwa siri, unasema na komisionere, yaani dalali, aletaye mnunuzi ilhali mwenye nyumba yuko safarini, tena unasema na mnunuzi mwenyewe, ambaye huenda keshatoa arubuni kwa mtu asiye na haki ya kupokea hata senti moja. Kopo la rangi limepewa kazi ambayo ingepasa kufanywa na hati.

Nataka kueleza hapa kwa nini hati hiyo hukosekana katika nyumba nyingi, na kama serikali ingemsamehe ushuru, au sehemu yake, mtu anunuaye nyumba kwa mara ya kwanza katika maisha yake, takhfifu hiyo ingeleta manufaa gani. Rai yangu naitanguliza ili msomaji aipime njiani: katika mji kama huu, msamaha wa ushuru ni bei ambayo Dola hulipa ili jina la raia liingie katika daftari lake, na bei hiyo, ikilipwa kwa akili, ni rahisi.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe kinachonunuliwa. Watu wa Lubumbashi hukiita kiwanja chenye ua wake lupango, neno ambalo msomaji wa Dar es Salaam atatabasamu kulisikia, kwa kuwa kwake yeye lupango ni mahabusu. Wala maana hizo mbili haziko mbali sana, maana auzaye lupango usio wake hutenda kosa ambalo sheria ya jinai ya Kongo huliita steliona, na adhabu yake ni kifungo. Lakini hata auzaye kwa haki haiuzi ardhi. Tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, udongo wote wa nchi ni milki ya Dola peke yake, milki isiyohamishika wala kupotea kwa kupitwa na muda. Raia hupewa idhini ya kuutumia, ambayo kwa mzalendo yaweza kuwa ya daima, na kwa mgeni au shirika huwa ya muda, aghalabu miaka 25 inayoweza kufanywa upya. Basi akinunuacho mtu ni kuta, bati, mwembe wa uani, pamoja na ile idhini ya kukaa juu ya udongo.

Idhini hiyo haithibitiki kisheria ila kwa cheti cha uandikishaji, ambacho hutolewa na mhifadhi wa hati za milki baada ya kuandikwa katika daftari lake. Utaratibu huu asili yake ni Australia ya Kusini, ambako Robert Torrens aliuasisi mwaka 1858, nao ukaletwa Kongo katika zama za mfalme Leopold II. Na nguvu yake ni kwamba cheti kikishatimiza miaka 2 pasipo kupingwa hakivunjiki tena, hata ajapo mdai mwenye hujja nzito, ambaye hapo hubakiwa na njia ya kudai fidia tu. Barua ya mauzo iliyotiwa sahihi na mashahidi wanne na kupigwa muhuri wa shefu wa kartiye, yaani mtaa, haina nguvu hiyo. Ni ushahidi wa mapatano baina ya watu wawili, ilhali milki mbele ya sheria hubaki kwa yule ambaye jina lake limo daftarini.

Sasa na tumchukue mwalimu wa sekondari, mtu wa kubuni lakini si wa ajabu, ambaye amepanga vyumba kwa miaka kumi, akadunduliza, akaongezewa na dada yake aliye Kolwezi, hata akapata katika Makomeno lupango mdogo wenye nyumba ya matofali yaliyochomwa kwa udongo wa kichuguu, kwa dola 20,000. Maana nyumba huku hupatanwa kwa dola ijapokuwa mshahara wa mwalimu huhesabiwa kwa faranga. Siku ya malipo meza hutolewa uani. Muuzaji ni mjane, na noti moja moja huinuliwa kwenye jua, kwa kuwa katika Kongo noti ya dola yenye mpasuko hata wa upana wa ukucha haipokelewi.

"Mwanangu, hii imepasuka," asema mjane, akiirudisha.

"Nisamehe, mama, nitakubadilishia," ajibu mwalimu, naye aingiza mkono katika mfuko ambao tangu asubuhi umekuwa mwepesi.

Noti ya mwisho ikishapokelewa, sahihi zikishatiwa, na komisionere akishakwenda zake na fungu lake, ndipo mwalimu akumbushwapo kwamba safari ndiyo kwanza yaanza. Mauzo yatakiwa yathibitishwe na notari. Mpimaji wa kadasta, yaani daftari la vipimo vya ardhi, atakiwa aje aone mipaka. Cheti cha muuzaji kitafutwa na kipya kuandikwa. Na juu ya yote yako malipo makubwa kuliko mengine, ushuru wa kuhamisha milki, ambao mnamo mwaka 2010 hivi ulipunguzwa nusu kutoka asilimia 6 ya thamani hadi asilimia 3. Kwa nyumba ya mwalimu wetu asilimia 3 ni dola 600. Kwa mfanyabiashara anunuaye nyumba ya kumi ili aipangishe, dola 600 ni hesabu ya mchana mmoja. Kwa mwalimu ni miezi kadhaa ya kula, na zaidi ya hayo zamjia katika saa ileile ambayo hana kitu. Ushuru hautofautishi baina ya watu hawa wawili. Huitazama thamani ya mali, wala haumwulizi mnunuzi kama hili ni paa lake la kwanza au la kumi.

Afanyalo mwalimu ni lile lililofanywa na jirani wa kushoto na wa kulia: huikunja barua ya mauzo, akaitia katika bahasha pamoja na vyeti vya ubatizo vya watoto, na kujiambia kwamba mambo ya cheti atayafanya mwakani. Mwaka hupita, na wa pili. Mjane hufariki, wanawe hugawana alichoacha, na mmoja wao hugundua kwamba katika daftari la serikali lupango ungali kwa jina la marehemu. Siku hiyo ndipo kopo la rangi linaponunuliwa.

Wala si sahihi kudhani kwamba kumsaidia mnunuzi wa mara ya kwanza ni fikra ngeni katika mji huu. Elisabethville, kama ulivyoitwa tangu ulipoasisiwa mwaka 1910 hadi 1966, ulijengwa kwanza kwa ajili ya shaba, na kwa miaka mingi mfanyakazi Mwafrika alikaa katika nyumba ya mwajiri wake, akiipoteza siku apotezapo kazi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Fernand Grévisse, aliyekuwa mtawala wa Kibelgiji wa mji, aliweka utaratibu ambao hata leo huitwa kwa jina lake: mkaaji alipewa kiwanja, akakopeshwa thamani ya vifaa, akajenga nyumba yake mwenyewe au kwa kuajiri fundi, chini ya uangalizi wa mafundi wa serikali, akalipa kidogo kidogo. Hivyo ndivyo sehemu kubwa ya Katuba ilivyojengwa kuanzia mwaka 1950. Kisha ikaja Ofisi ya Miji ya Waafrika, iliyoundwa mwaka 1952, ambayo ilijenga Ruashi na kuwauzia watu nyumba kwa kodi iliyogeuka kuwa malipo ya kununua. Na amri ya mwaka 1953 ikawafungulia Wakongo mlango wa kumiliki mali ya mtu binafsi katika miji. Watawala wale walikuwa na muradi wao, wa kutaka wafanyakazi watulivu wasiohamahama, na hatuna haja ya kuwasifu. Lakini walitambua kwamba mzigo wa nyumba huwa mzito zaidi mlangoni, na ndipo walipotia mkono wao. Dola huru, kwa ushuru wake wa kuhamisha milki, hutoza mahali hapohapo.

Tutazame sasa wenzetu. Kenya ina Sheria ya Ushuru wa Stempu, Sura ya 480, ambayo humtaka anunuaye mali katika mji kulipa asilimia 4 ya thamani, na nje ya mji asilimia 2, ndani ya siku 30 tangu hati itiwe sahihi. Mwaka 2018, serikali ya Rais Uhuru Kenyatta ilipokuwa imeyatia makazi ya bei nafuu katika Ajenda Nne Kuu zake, Bunge liliusamehe ushuru huo kwa mtu anunuaye nyumba kwa mara ya kwanza chini ya mpango wa makazi hayo. Nyumba ya shilingi 3,000,000 jijini Nairobi, ambayo ingetozwa shilingi 120,000, kwa mtu huyo haitozwi kitu. Msamaha huu ni mwema, lakini mlango wake ni mwembamba, kwa kuwa humfaa yule tu anunuaye katika majengo ya mpango. Mtu wa Kisumu anunuaye nyumba kuukuu ya jirani yake, hata ikiwa ni ya kwanza na ya mwisho maishani mwake, hulipa ushuru kamili. Tena tangu mwaka 2024 kila mwajiriwa wa Kenya hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake kwa ajili ya makazi hayo, na mwajiri wake huongeza kiasi kama hicho. Hivyo umma wote huchangia nyumba ambazo wachache ndio watakaozipata, na katika wachache hao ndimo alimo mwenye msamaha.

Ubelgiji, ambayo Wakongo wengi wana ndugu zao huko, imekwenda njia nyingine. Ushuru wa uandikishaji wa huko ulikuwa mkali mno: katika majimbo ya Wallonia na Brussels kiwango cha kawaida ni asilimia 12.5. Tangu tarehe 1 Januari 2025, Wallonia humtoza asilimia 3 mtu anunuaye nyumba yake ya pekee ya kukaa mwenyewe, na Flanders humtoza asilimia 2. Brussels, kwa upande wake, huacha bila kutozwa euro 200,000 za kwanza za thamani, maadamu nyumba haizidi euro 600,000. Kwa nyumba ya euro 200,000, familia inayohama kutoka chumba cha kupanga katika mtaa wa Matonge wa Brussels huokoa euro 25,000 nzima. Msomaji aangalie neno nililolitumia: nyumba ya pekee. Wabelgiji hawaulizi kama mtu amewahi kumiliki nyumba zamani. Waulizalo ni kama anayo nyingine leo, na kama atakaa katika hii anunuayo.

Waingereza huuliza swali lile jingine, nalo huuma. Msamaha wao, ulioanza tarehe 22 Novemba 2017, humwondolea ushuru mnunuzi wa mara ya kwanza kwa pauni 300,000 za kwanza, na humtoza asilimia 5 kwa kinachozidi, hadi pauni 500,000. Lakini kila mnunuzi, mume na mke ikiwa wanunua pamoja, lazima awe hajapata kumiliki nyumba popote duniani, hata fungu alilolirithi. Fikiri basi juu ya Mkongo akaaye London, ambaye baba yake alifariki akaacha nyumba Makomeno kwa watoto sita. Hajawahi kulala humo tangu utotoni, hapati kodi yoyote, na kila mwaka hutuma pesa za kukarabati bati. Lakini kwa sababu ya sehemu ile moja ya sita yuko hatarini kuhesabiwa kuwa mtu aliyekwisha kumiliki nyumba, na msamaha kumpita. Katika nchi ambayo watoto hurithi pamoja, na Sheria ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987 huwapa robo tatu ya mali ya marehemu, kanuni ya namna hii ingewafungia nje karibu wote inaodai kuwafungulia. Brussels imeliona hilo: aliye na fungu tu la nyumba nyingine hakatazwi.

Yako mapingamizi, na si ya kupuuzwa. La kwanza ni kwamba ushuru ukiondolewa, muuzaji hupandisha bei, na nafuu ikaishia mfukoni mwake. Uingereza ilipotangaza msamaha wake, Ofisi ya Uwajibikaji wa Bajeti ya nchi hiyo ilikadiria kwamba bei za nyumba zingepanda kwa asilimia 0.3 hivi, na kwamba watakaofaidi zaidi ni wale waliokwisha kuwa na mali. La pili ni ukingo wa ghafla: Mwingereza wa mara ya kwanza anunuaye kwa pauni 500,000 kamili hulipa ushuru wa pauni 10,000, na anunuaye kwa pauni moja zaidi hupoteza msamaha wote akalipa 15,000, jambo linalowafundisha watu kuandika bei za uongo. La tatu ni kwamba hazina iliyo maskini haiwezi kutoa.

Pingamizi la kwanza lina nguvu kidogo katika Lubumbashi kuliko London, kwa sababu ambayo ni ya kuhuzunisha: bei ya nyumba huku haitegemei ushuru ambao watu wengi hawaulipi. Mwalimu wetu hakupatana na mjane akiwa na dola 600 za serikali moyoni. Zilimjia baadaye, naye akaziacha. Mtu akisamehewa asichokuwa akilipa, bei ya sokoni haiguswi sana, lakini daftari hubadilika. La pili lina dawa, nayo ni kufanya ngazi mahali pa ukingo, ili kila dola inayozidi kiwango itozwe yenyewe pasipo kuzivuta zile za chini.

Pingamizi la tatu ndilo la kukaliwa kitako, maana ndani yake imo siri ya mambo. Ushuru wa kuhamisha milki ni pato la taifa. Lakini Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 204, imeyapa majimbo kodi ya ardhi na majengo ya kila mwaka, pamoja na kodi ya mapato ya upangishaji. Haut-Katanga, jimbo la Lubumbashi lililozaliwa mwaka 2015 Katanga ilipogawanywa, hukusanya kodi hizo kwa idara yake yenyewe ya mapato. Sasa nyumba ambayo mwenyewe hajulikani daftarini humtoroka mtoza kodi wa kila mwaka kwa urahisi, na ile yenye jina haimtoroki. Msamaha basi ungeinyima hazina ya Kinshasa pato la siku moja, na kuipa Lubumbashi pato la kila mwaka; atoaye si yule apokeaye, na pasipo mapatano baina yao hakuna atakayeanza. Njia ya mapatano ipo, kwa kuwa Katiba hiyohiyo imeyawekea majimbo asilimia 40 ya mapato ya kitaifa, na penye hesabu ya kugawana hapakosi nafasi ya kufidiana.

Ikiwa sheria itatungwa, naona insafu yake itategemea mambo manne. Itazame nyumba ya pekee ya kukaa, isitazame historia ya mtu, wala isimhesabie fungu la urithi. Iweke kiwango cha thamani ambacho mwalimu, muuguzi na muuza duka hawatakizidi, na anunuaye jumba la fahari atakizidi. Imtake mnunuzi akae humo miaka kadhaa, na akiuza mapema arudishe alichosamehewa. Na lililo kubwa kuliko yote, nafuu itolewe mbele ya mhifadhi wa hati, siku cheti kinapoandikwa, ili asiyeandikisha asipate kitu. Kwa maana msamaha unaotangazwa redioni lakini haumfikishi mtu daftarini ni maneno matupu, kama yale ya ukutani.

Sheria hiyo haijaja, na mwenye haja ya nyumba hangoji sheria. Kwa hiyo nawasihi wanunuao leo, katika Makomeno na kwingineko, wazitie gharama za cheti katika hesabu yao tangu siku ya kwanza ya kupatana bei, hata ikibidi kununua lupango ulio mdogo zaidi. Na kabla noti ya kwanza haijainuliwa kwenye jua, wamwombe muuzaji namba ya cheti chake, waende nayo kwa mhifadhi wa hati za milki, wamwulize jina lililoandikwa daftarini ni la nani.